Mgumu Mpya, Shusha Mzigo Kwanza Tuongee

Wiki iliyopita nilikuwa kambi ya Karanga, mlimani Kilimanjaro, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nakunywa chai ya rangi. Akapita dogo mmoja wa kundi letu, safari yake ya kwanza, ametoka bondeni kuchota maji. Dumu liko begani, midomo imekuwa rangi ya majivu, anatembea kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka. Nikamuuliza, "Kichwa vipi?" Hata sijamaliza, kanijibu: "Niko poa, braza." Akapiga hatua tatu, akatua dumu, akatapika nyuma ya jiwe. Akajifuta kwa mkono wa sweta, akanitazama usoni. "Poa kabisa."

Nilicheka. Halafu hasira zikanipanda. Halafu nikanyamaza, maana yule dogo alikuwa mimi mtupu, tofauti ni sweta tu.

Basi haya ni ya kwenu wagumu wapya, yaani wapagazi, mnaoingia mlimani msimu huu. Sitawafundisha kusimamisha hema wala kupanga mzigo. Hayo mtaonyeshwa, na msipoonyeshwa mtaiba kwa macho kama tulivyoiba sisi. Nataka kusema yale ninayoyaona kila msimu yakirudiwa na watu wapya, mpaka natamani kuyabandika getini chini ya lile bango la masharti ya hifadhi ambalo hakuna anayelisoma.

Mjueni kwanza anayeongea. Mimi si mtoto wa mlimani. Nimezaliwa Tanga, na baridi kubwa niliyoijua mpaka nafika miaka ishirini na miwili ni ile ya kusi, ya kuvaa fulana mbili na kulalamika siku nzima. Mwaka 2009 nilifuata kazi Moshi, kazi yenyewe ikawa hewa, binamu yangu akaniambia, "Kesho kuna kupanda kwa njia ya Machame, wamepungukiwa mtu mmoja. Ukiulizwa, sema umeshapanda mara tatu." Nikaulizwa. Nikasema mara nne. Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu, nikawa mgumu wa kilele, yule anayepanda na wageni mpaka juu, nikawa msaidizi, na sasa ni gaidi kamili mwenye leseni, yaani "guide", mwongoza wageni. Mama yangu alipoambiwa na jirani kwamba mwanawe wa Moshi siku hizi ni gaidi, alikaa chini akaanza kusoma dua, mpaka nilipopiga simu kumweleza ni gaidi wa namna gani.

1. Mzani

Kilo 20 ni kilo 20. Mzani wa getini umewekwa kwa ajili ya shingo yako. Lakini kila safari simkosi mtaalamu mmoja: anapima mzigo wake vizuri, renja anaandika, na kona ya kwanza baada ya geti, pale miti inapofunga, anachukua kibegi alichokuwa amemshikisha mwenzake, anakifunga juu ya ule wa halali, anaondoka anayumba. Anajiona dume. Mdogo wangu, hizo kilo nane za ziada zilikuwa za mtu mwingine ambaye hakuitwa kazini. Umebeba mshahara wa mgumu mwenzako kichwani mwako, umempelekea mwenye kampuni, bure, na jioni unakuja kuniomba dawa ya shingo.

Mimi nimefanya hivyo mara ngapi? Msiniulize. Goti langu la kulia ndilo linaloweka hesabu.

2. Viatu

Raba si buti. Na buti la mtumba linalokubana kidogo halitajiachia njiani. Zitakazojiachia ni kucha zako. Jaribu kiatu jioni, miguu imeshavimba, umevaa soksi mbili. Kata kucha kabla ya safari, kwa sababu kinachozing'oa ni kule kuteremka kutoka Barafu mpaka Mweka, si kupanda.

Kuna mwenzetu aliazima buti kwa watu wawili tofauti, la kulia namba 42, la kushoto 43, akatuapia kwamba mguu wake wa kulia ndio mdogo. Tulipofika Shira akatuomba tumsaidie kuvua huo mguu mdogo. Haukutoka. Buti lilikatwa kwa kisu cha mpishi, na mpishi akakiosha kidogo kile kisu akaendelea na karoti. Wageni hawakuambiwa, na nanyi msiwaambie.

3. Nailoni

Hapa nitakaa.

Ile safari yangu ya kwanza, ya kusema mara nne, nilipewa begi la mama mmoja Mzungu, mwalimu mstaafu, miaka sitini na kidogo. Alikuja peke yake akaunganishwa na kundi la vijana. Ndani ya begi mlikuwa na nguo zake za joto na begi lake la kulalia, lile la manyoya ya bata, jepesi mpaka unajiuliza kama kuna kitu ndani. Wakati ule mifuko ya plastiki ilikuwa haijapigwa marufuku, na kila begi la mgeni lilivishwa nailoni nene kwa ndani, mfano wa gunia, ndipo vitu vinaingia. Gaidi wetu mkuu alikuwa mzee wa Kimachame, sote tukimwita Meku. Alinionyesha kwa mikono yake mwenyewe: vitu ndani ya nailoni, nailoni inasokotwa shingo, inafungwa kamba, halafu zipu. "Mvua ya huku haibishi hodi," akaniambia.

Aliyepanda Machame anaujua ule msitu wa siku ya kwanza. Saa nane mchana ikashuka. Mimi sina koti la mvua. Nina jinzi, shati zito, na uongo wa mara nne. Wenzangu wakatoa makoti yao, na mmoja ambaye hakuwa na koti akajivika kiroba cha unga alichokitoboa tundu la kichwa. Nikakitazama kile kiroba, nikapata akili. Akili inayokujia ukiwa umelowa na unatetemeka, iogopeni. Nikaacha njia kama mtu anayekwenda haja, nikafungua begi la yule mama, nikatoa vitu vyake juu ya majani, nikavuta ile nailoni, nikavirudisha vitu bila nailoni, nikafunga zipu. Nailoni nikaitoboa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono. Ilinikaa kama nimeshonewa. Nakumbuka niliingia kambi ya Machame napiga mluzi.

Nilipotua begi nikahisi uzito si ule. Kitako chake kilikuwa kinachuruzika. Nikapenyeza mkono: nguo za juu kavu, za katikati zina unyevu, na begi la kulalia, ambalo kwa haraka zangu nililitanguliza chini kabisa, limelowa nusu nzima. Wakati huohuo Meku alikuwa anapita na tochi, anauliza mmoja mmoja, "Mzigo salama?" Akafika kwangu. Nikasema, "Safi, Meku."

Kama ningesema limelowa, pale tulikuwa bado tuko jirani na geti, simu zinashika, na asubuhi mtu angeweza kupanda na begi jingine likatukuta Shira. Ningefokewa mbele ya watu, labda ningekatwa pesa. Hiyo ndiyo bei niliyokuwa naikimbia.

Badala yake nilikwenda nyuma ya hema nikalikamua kwa mikono, kama mtu anayekamua tui. Sikujua kwamba manyoya ya bata yakilowa hujikusanya mabonge mabonge, na pasipo na bonge panabaki vitambaa viwili vilivyogusana, hakuna joto hapo. Sikujua pia kwamba kule juu hayakauki. Mchana ukungu, usiku umande unaoganda. Kwetu Tanga kitu kikilowa unakianika, adhuhuri unakianua.

Usiku wa kwanza ulipita, Machame si baridi sana. Usiku wa pili, Shira, mita 3,800 hivi, maji ya kunawia yaliganda kwenye beseni. Asubuhi yule mama alitoka hemani amevaa kila kitu alichokuja nacho, mpaka taulo shingoni. Meku akamuuliza amelalaje. Akatabasamu, akasema amelala vizuri, asante. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza lakini hilo nililielewa vizuri sana. Alikuwa anaona haya kusumbua. Alidhani ndivyo mlima ulivyo, kwamba kila hema watu wanatetemeka hivyohivyo mpaka alfajiri, na kwamba kulalamika kungemwonyesha mzee mbele ya wale vijana. Kwa hiyo kwenye ile safari tulikuwa wawili tunaosema tuko safi, mimi na yeye, na begi moja lililolowa katikati yetu.

Siku ya tatu tukapita Lava Tower, mita 4,600, tukashuka Barranco kulala. Jioni akaanza kukohoa. Safari hii Meku hakumuuliza. Alipiga magoti mlangoni mwa hema, akaingiza mkono, akalishika lile begi la kulalia, akaliminya. Akalitoa nje akalikung'uta. Mabonge yakaporomokea upande mmoja kama maembe ndani ya kapu. Akalinusa. Kisha akageuka kututazama wagumu wote tuliokuwa tumekaa tunangoja ugali, na hakuuliza ni nani. Alinitazama mimi, halafu akatazama kifuani pangu, ambapo ile nailoni ilikuwa inachungulia kwenye kola ya shati. Nilikuwa bado naivaa. Nilikuwa nimegundua inazuia na upepo.

Nilingoja anizabe kofi. Ningeshukuru. Meku alikwenda hemani kwake akarudi na begi lake mwenyewe la kulalia, la zamani, zito, la nyuzi za kiwandani, akampa yule mama, akamwambia hilo lako lina hitilafu kidogo, tumia hili. Halafu akaja kwenye hema letu wagumu, akajilaza kati yangu na kitambaa cha hema, kule upepo unakopenya, akajifunika koti. Usiku kucha nilisikia meno yake yakigongana. Mara moja tu alisema, kwa sauti ndogo wengine wasiamke: "Ungeniambia palepale Machame."

Sikumjibu. Nilijifanya nimelala. Yaani hata hapo.

Begi kavu lilikuwa limechelewa. Karanga alikula supu kidogo tukapata tumaini. Barafu kikohozi kikazidi, akawa anahema hata akiwa amekaa, na kile kifaa cha kubana kidole, cha kupimia oksijeni ya damu, kilipotulia Meku akakifunika kwa kiganja asiione namba. Vijana wa kundi lake walikuwa wanaambiwa walale mapema, wataamshwa saa tano usiku kwenda kileleni. Yeye alikuwa anafungwa kamba za buti ateremke. Meku akamtoa msaidizi mmoja na mimi. "Begi ni lako," akaniambia. "Utalibeba mpaka chini."

Tuliteremka jua linazama. Kila baada ya mwendo kidogo yule mama anasimama, tukadhani anatafuta pumzi. Kumbe anageuka kuitazama Kibo, na saa ile mnajua Kibo inavyokuwa. Akamweleza msaidizi kwamba ameufundisha mlima huu darasani miaka zaidi ya thelathini, anauchora ubaoni, na aliwaahidi wanafunzi wake wa mwisho kwamba atawatumia picha amesimama kwenye bango la Uhuru. Msaidizi akanitafsiria bila kujua anamtafsiria nani. Nilikuwa na begi kichwani, na kamba yake ilining'inia usoni. Niliiacha ining'inie.

Alipona, tena haraka. Ukimteremsha mtu mapema kifua hufunguka hivyo, na tulipokutana wote Mweka kwa kuagana alikuwa anacheka na kupiga makofi tukiimba. Wakati wa tipu alimwita kila mtu kwa jina. Langu alilitamka vizuri kuliko yote, kwa sababu mimi ndiye niliyembebea begi mpaka chini. Akanipa na glavu zake, zile nene za kileleni, akasema ameona sina, na yeye hakupata nafasi ya kuzitumia. Meku alikuwa amesimama pembeni mikono nyuma. Hakusema neno, wala hakugeuza uso. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema asante sana, mama.

Mpaka leo hajui. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nilificha, kilio kikamuumbua mwingine, tena aliyelipa nauli ya ndege.

Meku alinichukua tena safari iliyofuata. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu huku anafunga kamba za viatu: "Wewe hutarudia. Nikichukua mpya, itabidi naye aharibu kwanza."

Najua mtaniambia mambo ya nailoni yamekwisha, tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ni marufuku nchi nzima, siku hizi kuna mabegi ya kukunja mdomo yasiyopitisha maji. Ni kweli. Na msimu uliopita nimemkuta mpya mmoja amelitoa begi hilo la kuzuia maji ndani ya mzigo wa mgeni, amelijaza upepo, analifanya mto. Nilimwamsha kwa mguu, Mungu anisamehe.

4. Pole pole si ya kwako

Tunawaimbia wageni pole pole kutwa, mpaka wanaitia kwenye fulana. Sasa jiulize mgumu anakwenda pole pole lini. Mgeni anakunywa chai, anaondoka. Wewe unavunja kambi, unafunga, unabeba, unampita njiani, unafika kabla yake, unasimamisha hema, unakwenda kuchota maji. Mwili wako unapandishwa haraka kuliko wa mtu aliyelipa ili apande taratibu. Na kileleni, mita 5,895, kila pumzi ina kama nusu tu ya oksijeni niliyokuwa navuta ufukweni Tanga. Mapafu hayana kitambulisho. Wale mnaojigamba mmezaliwa Marangu au Kibosho, kwa hiyo mlima ni kama shamba la babu: nyumbani kwa babu ni chini sana ya Barafu, na vijana wa huko ndio niliowateremsha mara nyingi zaidi, kwa sababu ndio wanaona aibu zaidi kusema.

Kichwa kikiuma, sema. Ukitapika, sema. Tukikuambia tembea mstari mmoja, kisigino kwa kidole, usicheke, na ukiyumba usitafute jiwe la kusingizia. Ukiwa unahema huku umekaa, au unakohoa na kuna povu, unateremka usiku huohuo, hakuna cha kungoja kupambazuke. Vidonge alivyokuachia mgeni usimgawie mwenzako kama pipi. Dawa ni kuteremka.

Lakini niseme na wakubwa wenzangu hapa, maana wapya hawadanganyi kwa kupenda. Dogo anaficha kwa sababu juzi alimwona mwenzake amerudishwa kwa kichwa akalipwa siku mbili, na safari iliyofuata jina lake halikuwemo. Ukimkata mgumu mmoja siku zake kwa kuwa alisema anaumwa, umewafundisha kumi na watano waliobaki kusema wako poa. Halafu unashangaa kwa nini kambi nzima ina afya njema mpaka mtu anaanguka. Mlipeni siku zote. Kama kampuni haitaki, bishaneni nayo ofisini, msimalizie kwa mtoto wa watu getini.

5. Vidogo vidogo

Betri za tochi lala nazo mwilini, baridi inazinyonya. Maji lita tatu kwa siku, hata kama huna kiu. Ukifika kambini usilale papo hapo, zungukazunguka kwanza. Fulana ya pamba ikilowa jasho ni adui yako. Miwani ya jua si ya kupigia picha. Theluji na jua vitakuunguza macho. Karanga ndiyo maji ya mwisho, Barafu hakuna kitu, kwa hiyo dumu la nusu ni matusi kwa mpishi. Pale Barranco kwenye jiwe la kubusu, libusu kweli, tumbo kwenye mwamba, na mzigo mpana usiuvushe mwenyewe kwa sifa. Pombe ngoja Mweka. Kunguru wenye shingo nyeupe wanajua kufungua zipu kuliko wewe, usiache hema bila mtu. Na usimwambie mgeni "bado kidogo" kama imebaki saa nne. Anaamini.

6. Kugeuka

Nimewahi kumsikia mgumu wa kilele akimtania mgeni aliyeishia Stella Point, mita 5,756, eti amefika "mlangoni akashindwa kubisha." Nilimnyang'anya fimbo.

Hebu someni historia ya sehemu mnayofanyia kazi. Hans Meyer, ambaye jina lake mnalikariri kwa ajili ya mtihani wa leseni, alikuja mara ya kwanza mwaka 1887 akakwama kwenye barafu kwa kukosa vifaa. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller, na safari hiyo alipanga kambi zenye akiba ya chakula, zilizojazwa na nani? Wapagazi. Wagumu wa wakati ule, bila buti, bila glavu. Tarehe 3 Oktoba wakafika karibu na ukingo wa shimo la Kibo wakiwa hoi kwa kuchonga ngazi kwenye barafu, na wakageuka. Wakageuka! Wakateremka kwenye chakula na mablanketi yaliyopandishwa na watu, wakalala, na tarehe 6 wakafika. Chakula kisingekuwa pale, leo tungekariri jina lingine kwa ajili ya mtihani.

Yule mama wa nailoni ndiye aliyenifanya niwe mwepesi wa kugeuza watu. Wenzangu wananicheka, wananiita Bwana Rivasi. Tipu yangu hupungua kidogo mgeni akikosa kilele, sikatai. Kuna kijana mmoja mwaka juzi alinitukana kwa lugha tatu kutoka mita 5,500 mpaka Barafu. Kufika Mweka alikuwa ameishiwa matusi, akaniomba maji.

7. Glavu

Sasa yule dogo wa Karanga. Baada ya ile "poa kabisa" nilimkalisha kwenye ndoo yangu, nikampima kidole, sikupenda nilichokiona. Vidole vyenyewe vilikuwa vya baridi kama samaki wa kwenye barafu, na mikononi amevaa soksi. Soksi, jamani. Nikamuuliza glavu ziko wapi, akasema zipo kwenye begi. Nikamwambia alete. Akasema ziko kwenye begi nyumbani.

Nikamwita mgumu mmoja mzoefu, nikamwambia mteremsheni kwa njia ya chini mpaka Mweka, atungojee huko, na mpishi asikie, siku zake zote zimeandikwa. Dogo akaanza kulia, kile kilio cha kimya cha mabega. Hakulilia kichwa. Alidhani ndiyo basi tena, hataitwa. Nikamwambia Jumatatu ijayo tuna safari nyingine ya Lemosho na jina lake limo, isipokuwa akisema tena neno poa.

Nikaingia hemani nikatoa zile glavu. Zimekwisha kiasi, ya kushoto nimeishona mara mbili kidole gumba, lakini joto bado zinalo. Nimepanda nazo tangu 2009 na sijawahi kumwazima mtu. Nikamtupia mapajani.

"Niko poa, br—"

"Sijakuuliza. Vaa."

Akavaa. Akateremka anayumba kidogo, mwenzake amemshika mkanda kwa nyuma. Siku mbili baadaye tuliingia kambi ya Mweka tumechoka, tukamkuta ameshachemsha chai ya watu wote, uso umerudi rangi yake, anacheka na wapishi wa kundi lingine. Akanisimulia kichwa kilivyomwachia ghafla, walipoanza tu kuingia kwenye miti. Kilivyokuwa kinauma kabla ya hapo, alinieleza bila kuulizwa, tangu Shira, saa kwa saa, kwa kirefu, mpaka chai ikapoa.

Alikuwa bado amezivaa. Getini alipanda gari la mbele, mimi la nyuma. Dogo, najua unasoma hapa. Jumatatu uje nazo.